MJADALA: Gon afungiwe, Eddy aachwe? Tuelewane sheria za shindano la Tekken kabla hatujachangishana kiingilio

Wadau wa gemu wa Tanga, habari za jioni. Naomba jambo hili tulimalize hapa kwa maandishi, maana kwa mdomo limetushinda. Vijana wa vibanda vya Ngamiani wanaandaa shindano la Tekken 3, lile gemu la kupigana watu wawili. Kila mchezaji atatoa kiingilio na mshindi atabeba mzigo. Tarehe haina ubishi, kibanda hakina ubishi. Ugomvi wote uko kwenye nini kikatazwe, na umefika mahali watu waliokua pamoja wanapita barabarani bila kusalimiana.

Kwa ambao hawakuwepo, makatazo yaliyopendekezwa ni haya: kati ya wahusika wa mchezo Gon asichaguliwe, Eddy Gordo asichaguliwe, kusiwe na kumkamata mtu na kumtupa, asipigwe aliyelala chini, na pigo moja lisirudiwe zaidi ya mara tatu mfululizo. Nautanguliza msimamo wangu ili msinitafute: nakubali hilo la Gon peke yake. Mengine yote nayapinga, na naomba kabla ya kunijibu msome hadi mwisho.

La Gon ni jepesi. Tekken 3 ilitoka kwenye mashine za kumbi za michezo mwaka 1997, na Gon hakuwemo. Aliongezwa mwaka 1998 mchezo ulipoletwa kwenye PlayStation, akiwa kijidubwana kilichokopwa kutoka katuni za Kijapani. Ni mfupi mno. Mapigo ya juu yanampita hewani hata kama amesimama wima, bila yeye kubonyeza chochote. Mwenzake aliyechukua Paul au Law anajikuta nusu ya mbinu zake hazina kazi tangu raundi inaanza, na hakuna ujuzi unaorudisha mbinu hizo. Sehemu nyingi duniani walikoshindania mchezo huu Gon alikatazwa, na sababu ilikuwa hiyohiyo. Mwamuzi wetu naye hatahitaji kufikiri: akimwona Gon kwenye skrini anasema chagua mwingine, basi.

Sasa Eddy. Hapa ndipo naomba tutulie.

Hoja dhidi ya Eddy naijua vizuri. Mtoto ambaye hajawahi kushika pedi anabonyeza vitufe vya miguu, X na duara, ovyoovyo, na Eddy anazunguka, analala, anasimama kwa mikono, anapiga mateke ya kila namna. Aliyefanya mazoezi miaka mingi anatoka kichwa chini na kibanda kizima kinamzomea. Inauma. Mwenye kibanda kimoja amesema hapa kwamba wateja wake wazuri huondoka mara tu mtu akimchukua Eddy, na hilo silipuuzi, kwa sababu yeye ndiye anayelipa luku na pango. Kibanda ni chake, siku za kawaida aweke sheria anayoitaka. Lakini shindano lina swali lake: je, Eddy ana jibu au hana?

Jibu analo, na wengi wetu tumeliona kwa macho. Kuna kaka mmoja wa Makorora, simtaji, anayemchukua Hwoarang. Mtazameni anavyocheza na Eddy. Harudi nyuma. Anakaa karibu, anachuchumaa huku amejikinga, teke la chini linagonga ngao yake, na kabla Eddy hajamaliza kujizungusha yeye ameshanyanyuka na pigo moja la kumrusha hewani. Hapo anamfuata na mateke mengine mpaka anaanguka. Kisha anasubiri tena. Baada ya hayo kutokea mara kadhaa, yule dogo wa kubonyeza ovyo anaanza kusita, na Eddy anayesita hana tofauti na mhusika mwingine yeyote.

Tekken yote imejengwa juu ya ngazi tatu za mapigo. La juu unalikwepa kwa kuchuchumaa. La kati linampata aliyechuchumaa. La chini linampata aliyesimama, na kinga yake ni kuchuchumaa. Eddy anachanganya la kati na la chini kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo inayotutisha. Lakini mateke yake makubwa ya chini yakikingwa, anabaki wazi, na kila mhusika mle ndani ana kitu cha kumwadhibu. Tukimfungia Eddy tutakuwa tumewaambia watu wasijifunze kukinga chini. Halafu kesho watakutana na Lei, au na Xiaoyu mikononi mwa mtu anayemjua, na tutaletewa ombi jipya la kufungia.

Kuna ndugu aliandika kwamba Eddy aachwe, lakini marufuku iwe kwa wanaobonyeza ovyo. Mdogo wangu, mwamuzi atajuaje? Atakaa nyuma ya bega la mchezaji aangalie vidole? Mtu akibonyeza ovyo na mwingine akibonyeza kwa kujua, kwenye skrini teke ni lilelile. Sheria isiyoweza kusimamiwa inampa mwamuzi nafasi ya kupendelea, na sisi tunafahamiana wote hapa mjini, binamu ya fulani na jirani ya fulani. Shindano litavunjika kwenye mechi ya pili.

La kukamata na kutupa linanikera kuliko yote, kwa sababu wanaolipendekeza ni wachezaji wazuri. Wanasema ni uoga, kwamba mwanamume apige. Lakini fikirini kukamata kuliwekwa mle kwa kazi gani. Mtu akisimama amejikinga muda wote, mapigo ya juu na ya kati hayamfanyi kitu. Unazo njia mbili za kumfungua: pigo la chini, au kumkamata. Ukiondoa kukamata, umempa anayejificha zawadi kubwa, anabaki na jambo moja tu la kulinda. King naye, ambaye maisha yake yote ni mieleka, anakuwa hana maana ya kuchaguliwa. Mmemfungia bila kuandika jina lake.

Na kukamatwa kuna majibu mawili, siyo moja. Kukamata kwa kawaida ukichuchumaa kunakupita juu. Hata ukishakamatwa, kuna sekunde ndogo sana ya kujinasua kwa kitufe sahihi. Tazameni mkono wa mwenzenu anapokuja: ule unaotangulia unakuambia ubonyeze kipi, mraba au pembetatu. Mieleka ya King inayofuatana, ile ya kukutupa na kukushika tena, ina kitufe chake cha kujinasua kwenye hatua zake, na mtu akikaa chini kuisoma ataiweza. Wazee wa kumbi za michezo kule Japani na Marekani walikuwa na ubishi huuhuu miaka ya tisini, watu wakisusa kwa sababu wametupwa. Mashindano yenyewe yaliacha kukamata kuwe halali, na hadi leo ni halali.

Kumpiga aliyelala, sitasema mengi. Eddy mwenyewe anapigana akiwa amelala. Mwamuzi ataamua vipi huyu amelala kwa kuanguka na huyu amelala kwa kutega? Tuliache.

Kurudia pigo mara tatu nako kuna tatizo ambalo waliolileta hawakuliona. Nikijua kwamba umeshapiga teke hilo mara tatu na huruhusiwi la nne, mimi nasimama wima bila wasiwasi na kukushambulia, kwa sababu sheria inanikinga. Umeadhibiwa kwa kupiga pigo ambalo mimi nimeshindwa kulikinga mara tatu! Kama pigo linanipata mara tatu mfululizo, wa kubadilika ni mimi.

Wapo mtakaosema basi huyu anataka kila kitu kiruhusiwe. Hapana, na ndiyo maana nimeanza na Gon. Nipime kwa mifano ya wenzetu waliotutangulia.

Mwaka 1994 kampuni ya Capcom ilitoa gemu jingine la kupigana, Super Street Fighter II Turbo, na ndani yake ikamficha mhusika Akuma, anayechaguliwa kwa siri. Aliweza kurusha moto akiwa hewani kuelekea chini, na wahusika wengi hawakuwa na njia ya kumsogelea. Marekani mashindano yalimfungia. Japani wachezaji wengi waliacha kumchukua kwa makubaliano tu, bila hata sheria. David Sirlin, Mmarekani aliyeshindana kwenye Street Fighter na baadaye akaongoza marekebisho ya mchezo huohuo mwaka 2008, aliweka vipimo vitatu vya kufungia kitu: kiweze kusimamiwa, kiwe na mpaka unaoeleweka, na kiwe kweli kinastahili, yaani kinaua mchezo mzima na si kuudhi tu. Akuma anapita vyote vitatu. Gon anapita vyote vitatu. Eddy anapita viwili vya kwanza na kukwama kwenye cha tatu. Kubonyeza ovyo kunakwama kwenye cha kwanza.

Hata kurudia pigo kunaweza kufungiwa kukiwa na mpaka. Kwenye gemu la Super Smash Bros. Melee la mwaka 2001 kuna Ice Climbers, wahusika wawili wanaotembea pamoja. Mmoja akimshika mpinzani, wa pili anaweza kumgonga kwa mdundo bila kukoma, na aliyeshikwa hana la kufanya mpaka wao waamue. Watu walibishana miaka mingi, na kuanzia mwaka 2019 mashindano mengi yakakataza. Mkinionyesha kitu cha namna hiyo kwenye Tekken 3, pigo linaloshika mtu bila njia ya kutoka kabisa, nitakuwa wa kwanza kulipigia kura ya kulifungia.

Kuna mfano mwingine ambao unanigusa zaidi, wa Leroy Smith. Ni mhusika aliyeingizwa Tekken 7 mwezi Desemba 2019, na kwenye shindano kubwa la Evo Japan la Januari 2020 wachezaji sita kati ya nane wa mwisho walikuwa naye. Watazamaji waliangalia mpaka wakachoka. Hata hivyo hakufungiwa, kwa sababu Bandai Namco, watengenezaji wa Tekken, walikuwa na uwezo wa kumpunguza nguvu kwa sasisho, na wakafanya hivyo. Sisi Tekken 3 yetu haitapata sasisho tena. Nakiri hapa upande wa pili una hoja: kama waliotengeneza mchezo hawatarekebisha, nani atarekebisha kama si sisi? Ni kweli. Lakini mchezo huu una zaidi ya miaka ishirini na tano mikononi mwa watu. Kama Eddy angekuwa hashindiki, dunia ingeshajua zamani sana.

Hata mpira wa miguu ulifanya hivyo: wazee wa uwanja wa Mkwakwani wanaokumbuka Coastal Union ya ubingwa wa 1988 watawaambia jinsi beki alivyokuwa anamrudishia kipa mpira, kipa anaudaka, anapoteza muda, anautupa, anarudishiwa tena. Ilipofika mwaka 1992 sheria ya mpira ikabadilishwa, kipa akakatazwa kudaka pasi ya makusudi ya mguu kutoka kwa mwenzake. Angalieni walivyoiandika kwa ufinyu. Hawakusema beki asirudi nyuma, wala hawakusema timu isipoteze muda. Walikata kitendo kimoja ambacho refa anakiona.

Na tusiamue watu wachache kisha tuwalazimishe wengine. Gemu la Super Smash Bros. Brawl lilikuwa na mhusika Meta Knight, aliyetawala kupita kiasi. Mwaka 2011 kamati ya waandaaji huko Marekani ikatangaza kumfungia. Apex 2012, shindano kubwa la mwaka uliofuata, likamruhusu, na marufuku ikapasukia hapo: huku anachezwa, kule hachezwi, mchezaji hajui afanye mazoezi ya nini. Tukimfungia Eddy Ngamiani, na Chumbageni wakamwacha, tutakuwa na Tekken mbili katika mji mmoja.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Gon afungiwe na iandikwe ukutani kabla ya kiingilio kukusanywa. Hayo manne yaachwe. Anayeamini Eddy hashindiki aje Jumamosi kibandani, amchukue Eddy yeye mwenyewe, akae na wale wanaojua kukinga chini, akiwemo huyo kaka wa Makorora. Akiwafunga wote mbele yetu, nitaandika hapahapa kwamba Eddy naye afungiwe.

Bado kuna mambo mawili sina uamuzi nayo, naomba michango. Dokta Bosconovitch, ambaye naye hakuwemo kwenye mashine za mwaka 1997: kuna yeyote aliyewahi kupata shida naye kweli, au tumwache? Na pedi zenye kitufe cha turbo, zile za bei rahisi zinazobonyeza zenyewe mfululizo. Mimi naelekea kuzikataa, kwa sababu pale anayepiga ni pedi. Ila najua kuna madogo hawana nyingine, na sitaki mtu akose shindano kwa kukosa pedi. Wenye pedi za ziada za kuazimisha siku hiyo mjitokeze, wagosi, tujue ziko ngapi.