Muuzaji kupewa alama kwa kujibu meseji haraka: ni haki au ni uonevu?

Mama Hotpoti: Wadau naomba tulijadili hili mana limenikaa kooni. Nauza vyombo, sufuria, hotpoti, seti za sahani, nina kafremu Tandika na karibu nusu ya wateja wangu wananipata kwenye soko la mtandaoni. Huko chini ya jina la kila muuzaji inaandikwa anajibu meseji kwa asilimia ngapi na anachukua muda gani. Nilikuwa na 96. Mwezi huu nimefiwa na mama mdogo, tukaenda kuzika Kilosa ndani ndani kule, siku 3 mtandao mpaka upande kichuguu. Narudi nakuta 82 na matangazo yangu yameshuka chini kabisa hayaonekani. Nikazifungua zile meseji moja moja. Ya kwanza saa nane na dakika 12 usiku, "Mambo". Saa nane na robo, "Upo". Saa nane na dakika 20, "?". Ya mwisho, "ndo mana hamuendelei". Huyo mtu hajataja hata chombo anachotaka! Sasa nauliza, ni haki mtu apimwe kwa kasi ya kujibu? Sufuria zangu hazijawahi kurudishwa hata moja, mbona hilo haliandikwi chini ya jina langu?

Mpole wa Makambako: Pole sana kwa msiba dada. Ila kwa hili siko na wewe. Mteja akiingia dukani akasema hodi huwezi ukakaa kimya siku 3. Ungebandika tangazo kuna msiba watu wangeelewa, sisi sio wanyama.

Fundi wa Aggrey: Hizo alama ni upuuzi mtupu. Mimi niko kwenye biashara ya simu miaka 7 sasa, fremu ina foleni ya wateja wamesimama mbele yangu na hela mkononi, niwaache nikamjibu mtu wa "mambo"? Hata Facebook wana ile alama yao ya kurasa za biashara, nadhani lazima ujibu ndani ya saa moja, nani anaweza? Na niwaambie ukweli ambao wauzaji wenzangu wanaogopa kuusema, mwenye hela haulizi maswali kumi. Anauliza ipo, anauliza duka liko wapi, anakuja. Hao wa meseji 40 wengi wanapitisha muda.

Dada Mtwapa: Fundi sio saa moja, ni chini ya hapo. Shangazi yangu ana ukurasa wa dera na mabuibui huku Mombasa, mimi ndo nilimsimamia kuitafuta hiyo alama, sharti lilikuwa ujibu asilimia 90 ya meseji na wastani wako usizidi dakika 15, wanaangalia siku 7 za nyuma. Kwa hiyo msiba wa siku 3 unakumaliza hapo hapo. Binamu yangu yuko Canada anauza shanga na vyondo Etsy, lile soko la mtandaoni la vitu vya mikono, kule beji ya Muuzaji Nyota iliyoanza 2021 angalau wanakupa saa 24, na wanahesabu meseji ya kwanza tu ya kila mtu, ila uwe umejibu asilimia 95. Unaona tofauti? Dakika 15 unatakiwa ulale na simu kifuani.

Mpole wa Makambako: Fundi wa Aggrey rudia hapo. "Mwenye hela haulizi maswali kumi." Mimi nilikusanya laki tatu na nusu kwa msimu mzima wa parachichi ninunue pampu ya maji, nikauliza maswali zaidi ya kumi, inchi ngapi, inavuta kutoka kina gani, mafuta lita inaenda saa ngapi, spea zinapatikana. Kwa hiyo mimi sina hela? Nyie mliozoea mteja wa kushuka daladala Kariakoo mnadhani nchi nzima inaweza kuja kuangalia mzigo kwa macho. Kutoka huku kwetu nauli ya kwenda na kurudi na kulala ni hela ya pampu yenyewe.

Na kwa taarifa yenu yule muuzaji alikuwa na alama ya kujibu haraka. Kabla sijalipa alikuwa anajibu kama yuko jikoni kwangu, "karibu bosi", "ndiyo bosi", mpaka voisi ananitumia na pampu inaunguruma kwa nyuma. Nimetuma hela saa nne asubuhi, kimya. Siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya nne. Nilikuwa nashuka stendi kila jioni basi za Dar zikiingia nauliza makonda mzigo wa jina langu. Ulikuja siku ya sita, pampu nzima, bila risiti, bila pole. Na alama yake mpaka leo inasoma anajibu ndani ya dakika chache, mana nikituma meseji ya pili na ya tatu mfumo hauzihesabu, alishajibu ile ya kwanza. Wapime meseji za baada ya kulipa. Hapo ndo tumbo linakata.

Fundi wa Aggrey: Bro usinipandishe sauti, sijakutaja jina. Nimesema wengi, sijasema wote. Na mzigo ulifika si ndiyo?

Mpole wa Makambako: Ulifika! Ndo majibu ya watu wa mjini haya. Siku 6 sijalala, mzigo ulifika.

Kibibi K: Jamani mi nashangaa mnagombana kuhusu kasi wakati ugonjwa wenyewe ni "bei njoo DM". Mtu anapost gauni, picha sita, emoji za moto, bei hamna. Watu 200 wanamfuata DM kila mmoja "bei gani", alafu analia anazidiwa meseji na alama imeshuka. Si mmejitakia? Andikeni bei.

Fundi wa Aggrey: Kibibi hujawahi kufanya biashara. Nikiandika simu hii naiuza 280,000, jirani yangu ukuta kwa ukuta anaandika 275,000 kabla sijanywa chai. Tumechukua kwa jumla kwa mtu mmoja, mzigo ni ule ule. Alafu mteja wetu anataka kupunguziwa, bei ikishaandikwa anaona umemnyima heshima yake.

Kibibi K: Au mnataka kuangalia picha ya profaili kwanza mjue mtaje ngapi. Mimi na mdogo wangu tuliulizia kiatu kimoja siku moja duka moja, mimi 45,000 yeye 60,000. Kisa yeye picha yake kapiga uwanja wa ndege.

Dada Mtwapa: Hilo hata huku lipo Kibibi, wallahi. Wakikusikia lafudhi ya Nairobi bei inapanda.

Mama Hotpoti: Mimi naomba nisiunganishwe kwenye hao wa DM. Mimi BEI NAANDIKA. Naiandika kubwa nyekundu juu ya picha, hotpoti tatu 38,000, na bado kwa siku napokea "bei gani" zaidi ya kumi na tano. Nilishaanza kuamini watu wanafanya makusudi kunichosha. Sasa hapo Kibibi unishauri, niandikie wapi tena, kwenye paji la uso?

Salma wa Bagamoyo: Samahani mama naingilia. Unasema bei iko juu ya picha. Sisi wengine bando likiisha picha hazifunguki, inabaki boksi la kijivu na maandishi ya chini tu. Na hata likiwepo, simu yangu kioo kimepasuka upande wa kulia, nikikuza picha maandishi yanavurugika. Nikikuuliza bei gani sikuchoshi, sioni. Yule wa saa nane usiku pia huenda ana bando la usiku, ndo linalokuwa rahisi, sisi wengi tunanunua hilo.

Mama Hotpoti: Salma mwanangu hilo sikulijua kabisa. Kweli tena, maelezo ya chini naandikaga "karibuni wapendwa" tu. Nimeanza kubadilisha sasa hivi, naandika bei na saizi kwa maneno, nimeshafanya matangazo 9. Ila "ndo mana hamuendelei" mimi imeniuma, nilikuwa msibani.

Mzee wa Kisutu: Huyo ndo alitakiwa apewe alama yeye. Kwa nini anapimwa muuzaji peke yake? Mnunuzi wa matusi, mnunuzi anayeagiza bodaboda ifike mlangoni alafu anazima simu, wote hawa tuwape nyota zao.

Dada Mtwapa: Mzee, eBay, soko la mtandaoni la Marekani, walikuwa nayo hiyo, muuzaji na mnunuzi wanapeana alama. Wakaja wakaifuta 2008, muuzaji akabaki na uwezo wa kutoa alama nzuri tu. Mana mnunuzi akilalamika kwa haki, muuzaji naye anamlipizia, watu wakawa wanaogopa kusema ukweli.

Mzee wa Kisutu: Basi huko wameamua mteja ni mfalme. Hapa mfalme anatuma bodaboda na hajibu simu, nauli ya boda analipa nani? Mimi. Tangu mwaka jana sitoi mzigo bila hela yote, na akikataa namwambia asalimie nyumbani.

Mpole wa Makambako: Na ndo hapo tunarudi palepale mzee wangu, heshima yako. Ukishachukua hela yote nani anakulazimisha ujibu?

Mzee wa Kisutu: Jina langu. Niko Kisutu kabla hujazaliwa.

Mpole wa Makambako: Jina lako linajulikana Kisutu, mimi niko Makambako. Kwangu wewe ni ile namba chini ya picha. Ndo mana nasema namba hiyo ipime siku zile 6.

Fundi wa Aggrey: Mpole mi naomba yaishe, sikukusudia. Ila kuhusu malipo, mbona hukulipia mzigo ukifika? Nusu kwanza nusu ukipokea, watu wa mikoani nafanya nao hivyo kila wiki.

Mpole wa Makambako: Nilimwomba hivyo hivyo, akanijibu ndani ya dakika moja, "hatufanyi hivyo bosi".

Kibibi K: Fundi kwa hiyo wewe unakubali nusu nusu? Ile simu ya 280,000 ulosema hapo juu ipo? Na usiniambie njoo DM.

Fundi wa Aggrey: Ile nilitoa mfano tu dada. Iliyopo ni ya GB 128, 310,000, ila nisikilize, njoo na

Kibibi K: Ona sasa.