Obama alifanya nini hasa kwenye seneti ya jimbo la Illinois?

Wadau naomba kueleweshwa, watu wanasema Obama aliruka tu mpaka Ikulu, ila nasikia kabla ya Washington alikua seneta wa jimbo miaka kibao. Alifanya nini cha maana?

mtu_wa_hoja: Hakuruka mkuu. Aliingia Januari 1997 akitokea Chicago, vikao viko Springfield huko, makao makuu ya jimbo, na chama chake kilikua wachache kwahiyo miswada yake mingi ilikua inafia kwenye kamati. 2003 Democrats wakashika seneti ndo mambo yakafunguka, akapewa uenyekiti wa kamati ya afya, akasimamia na sheria ya kurekodi polisi wanapomhoji mtuhumiwa wa mauaji, polisi mwanzo walipinga, akakaa nao mezani mpaka seneti ikapitisha bila kura hata moja ya kupinga. Mi hiyo naiheshimu sana maana Chicago kuna watu walikiri kwa kipigo wakafungwa.

binti_pwani: Ongezea 2000 aligombea Congress (bunge la taifa) akapigwa vibaya na Bobby Rush, mbunge aliyekuwepo, kura kama mara mbili yake. Akarudi Springfield kupiga kazi, huku anafundisha sheria Chuo Kikuu cha Chicago.

Aliyeuliza: Asanteni sana. Kumbe 2004 anashinda useneta wa taifa alikua kashaiva kitambo.