Bamba la chuma linapoa kwa nusu dakika kwenye CalculiX: kosa liko wapi?

Muulizaji
Wakuu, naandaa kazi za kuonyesha nikiomba nafasi ya uigaji wa joto kwenye metali. Ya kwanza ni bamba la chuma cha kaboni, unene mm 20, lenye nyuzi 200, linalopozwa na hewa ya nyuzi 25 pande zote mbili, h (kasi ya uso kupitisha joto kwenda hewani) = 25 W/m²K. Vizio ni mm, tani na sekunde. Faili ya CalculiX (programu ya uigaji) nimeiandika kwa mkono. Nusu dakika tu, bamba zima liko karibu na nyuzi 25! Nimepunguza elementi hadi mm 0.5, jibu ni lilelile.

Jibu 1
Wavu wa elementi hauna kosa, mkuu. Kwenye *FILM (mstari wa faili unaobeba h) umeweka 25? Kwa vizio hivyo h ni 0.025. Densiti 7.85e-9, joto mahususi 4.9e8, upitishaji unabaki 45. Hiyo 45 kutobadilika ndiyo inayowaponza wengi, wanadhani na h haibadiliki. Ukiongeza mnunurisho (joto linalotoka kwa mionzi), namba yake ya Stefan-Boltzmann ni 5.67e-11, na sifuri halisi -273.15 uiandike kwenye *PHYSICAL CONSTANTS.

Jibu 2
Kabla ya kompyuta, shika kalamu. Nusu unene ni m 0.01, kwa hiyo namba ya Biot (upoaji wa usoni ukilinganishwa na upitishaji wa ndani) = 25 × 0.01 / 45 = 0.0056. Iko chini sana ya 0.1, bamba linapoa kama kipande kimoja. Muda wake bainifu, yaani densiti × joto mahususi × nusu unene / h: 7850 × 490 × 0.01 / 25, kama sekunde 1540. Hapo tofauti na hewa imebaki 37% ya ile ya mwanzo, yaani bamba lina nyuzi 89 hivi.

Muulizaji
Ilikuwa 25 kweli. Sasa kwa sekunde 1540: katikati 89.5, usoni 89.3.

Jibu 3
Hiyo hesabu ya kalamu iweke ukurasa wa kwanza, kabla ya picha za rangi. Kazi ya pili, andika msimbo wako wa njia ya wazi (explicit: joto la hatua ijayo linatokana na la sasa moja kwa moja), mwelekeo mmoja. Kwa chuma na nafasi ya mm 1 kati ya nukta, hatua ya muda isizidi sekunde 0.042, ukienda mm 0.5 inashuka mara nne, ukizidisha namba zinalipuka. Ya tatu, pasha chuma hadi nyuzi 900. Karibu na 735 joto mahususi la Eurocode 3 (kanuni za Ulaya za miundo ya chuma) linapanda hadi 5000 J/kgK, na hatua ndefu inakiruka kilele hicho chote: chuma kinaonekana kupata moto mapema kuliko inavyopasa. Bana DELTMX, kikomo cha badiliko la joto kwa kila hatua.