FIFA 23 ya PS4 na ya PS5: jina moja, gemu mbili

Mtoto wa Ngamiani (Machi 2023)

Wakuu, salaam. Naomba tulinganishe kwa utulivu matoleo ya FIFA 23, gemu ya soka ya kampuni ya EA, kwa kuwa nimechoka kuambiwa kwamba lile la PlayStation 4 (PS4) na lile la PlayStation 5 (PS5) ni kitu kimoja, na kwamba tofauti yake iko kwenye ung'avu wa picha tu. Nina PS4 nyumbani hapa Tanga, na ya PS5 huwa ninaicheza kwa jirani. Nikitoka huko na kurudi kwangu, ninachokiona kwanza si picha bali miili ya wachezaji. Kwenye PS5 mabeki wanne husogea kama watu wanaotazamana, na krosi ikipigwa, wanaoruka kuugombea mpira husukumana hewani na kuyumba kwa uzito wao. Kwenye PS4 kila mmoja huruka kana kwamba yuko peke yake, na mpira humwangukia yule ambaye mashine imekwisha kumchagua.

Chanzo chake kinajulikana. Kwa ajili ya FIFA 22, iliyotoka Oktoba 2021, EA iliwavika wachezaji 22 wa kulipwa mavazi yenye vihisio, ikawachezesha mechi kamili, kisha kompyuta ikajifunza kutokana na mienendo yao. Teknolojia hiyo, waliyoiita HyperMotion, ilipelekwa PS5, Xbox Series X na S, pamoja na Stadia, huduma ya Google ya kuchezea gemu mtandaoni ambayo imekwisha kufungwa. Msimu huu imekuja HyperMotion2, na sisi wa PS4 tumebaki nje kwa mara ya pili. Laiti bei ingetofautiana sana, nisingesema neno. Lakini FIFA 22 ilipotoka, toleo la kawaida liliuzwa Marekani kwa dola 60 kwa PS4 na dola 70 kwa PS5. Dola 10 ndizo zinazotenganisha gemu ya msimu huu na gemu ya zamani iliyobadilishiwa vikosi.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Kaka yangu anaishi Muscat na ana PS5. Tuliposikia kwamba FIFA 23 itawakutanisha wenye mashine tofauti mtandaoni, tulifurahi, na muuzaji wa diski mmoja hapa mjini akaniapia kwamba tutacheza bila shida. Hatukuweza. Wenye PS5 wanakutana na wenye Xbox Series na wenye kompyuta. Wenye PS4 wanakutana na wenye Xbox One, ya kizazi kilekile. Vizazi hivyo viwili havionani kabisa.

Sasa nina akiba kidogo na sijui niielekeze wapi: nibaki na PS4, nijikaze hadi nifikie PS5, nichukue Xbox Series S ambayo ni nafuu, au nitafute kompyuta? Karibuni.

Kipa wa Zamu

Ndugu yangu, nayaelewa maumivu yako, lakini kusema kwamba toleo la PS4 limebadilishiwa vikosi tu ni kulionea. FIFA 22 ya PS4 ilipata uwezo wa kuunda klabu yako mwenyewe kwenye Career Mode, pale unapoongoza klabu msimu baada ya msimu, jambo ambalo wachezaji walilililia kwa miaka mingi. Ultimate Team ya kujikusanyia kikosi ipo, Volta ya soka la mtaani ipo, Pro Clubs ya kucheza timu moja na marafiki ipo, na mechi yenyewe huchezwa kwa fremu 60 kwa sekunde kama ilivyo kwenye PS5. Tukumbuke pia kwamba PS4 ilitoka mwaka 2013, na hata wakati huo prosesa yake haikuwa ya kujivunia. Kuhesabu mienendo ya watu 22 kwa pamoja, fremu baada ya fremu, ni kazi ya prosesa, si ya kadi ya picha. Ndiyo maana huwezi kupunguza ung'avu wa nyasi ukategemea HyperMotion itoshee.

Ninakuunga mkono kwenye suala la bei, na hapo sina utetezi. FIFA 21 ilikuwa na utaratibu wa kiungwana: aliyenunua ya PS4 alipewa ya PS5 bure alipobadilisha mashine. Kuanzia FIFA 22 haki hiyo ikahamishiwa kwenye Ultimate Edition, ambayo bei yake inakaribia dola 100. Huo si ukomo wa mashine. Huo ni uamuzi wa kibiashara.

Dada wa Likoni

Hoja ya prosesa, kaka Kipa, inajibu nusu tu ya malalamiko. FIFA 23 ndiyo ya kwanza kuwa na klabu za wanawake, yaani ligi kuu ya wanawake ya Uingereza na ile ya Ufaransa, na Sam Kerr wa Chelsea amewekwa kwenye jalada la Ultimate Edition pamoja na Mbappé. Nilisubiri jambo hilo tangu FIFA 16, ambapo timu za taifa za wanawake ziliingizwa kwa mara ya kwanza. Lakini klabu hizo zimewekwa kwenye PS5, Xbox Series na kompyuta, na kwenye PS4 hazipo. Naomba mtu anieleze ni prosesa gani inayoshindwa kuubeba uwanja mmoja wenye wachezaji 22 kwa sababu wachezaji hao ni wanawake. Timu za taifa zimechezwa hadi kwenye PS3!

Ninachokiona mimi ni kwamba baadhi ya vitu viliachwa nje kwa sababu mashine haiviwezi, na vingine viliachwa nje ili kutupa sababu ya kununua mashine mpya, kisha vyote viwili vikaelezwa kwa sauti ileile. Mtoto wa Ngamiani, ukitenganisha makundi hayo mawili utajua hasira yako uielekeze wapi.

Fundi wa Ilala

Anachosema Dada wa Likoni kina ushahidi upande wa kompyuta. FIFA 21 na FIFA 22 za kompyuta zilikuwa za daraja la PS4, hata kama mtu alikuwa na mashine yenye nguvu kuliko PS5. Maelezo yaliyotolewa wakati wa FIFA 21 ni kwamba hawakutaka kuongeza masharti ya kompyuta, ili wenye mashine za kawaida wasiachwe. Ni sababu yenye huruma, lakini matokeo yake yalikuwa kwamba mwenye kadi ya picha ya gharama kubwa aliicheza gemu ileile unayoilalamikia wewe. FIFA 23 ndiyo iliyovunja utaratibu huo na kuileta kompyuta kwenye daraja la PS5.

Kuhusu swali lako: FIFA 23 ya kompyuta inadai, kwa uchache, prosesa ya daraja la Core i5-6600K, RAM ya GB 8 na kadi ya picha ya GTX 1050 Ti. Ili ufurahie, nenda hadi GTX 1660 na RAM ya GB 12. Ninalisisitiza hili kwa sababu kila wiki naletewa laputopu za mtumba za ofisini, nzuri kabisa kwa kazi za kuandika, ambazo wenyewe wanataka zicheze FIFA, na kadi ya picha hazina. Ukipata kompyuta ya mezani ya mtumba ukaiongezea kadi, hesabu inaweza kukaribia bei ya Series S, na utakutana na kaka yako mtandaoni bila kikwazo. Ubaya wake ni kwamba gemu lazima uipakue, na ni makumi ya GB. Kama bando lako ni la siku, fikiria mara mbili.

Mpemba wa Rotterdam

Mnalia kwa PS4 wakati sisi wenye Nintendo Switch tulizoea zamani. FIFA 18 ilipoletwa kwenye Switch mwaka 2017 haikutumia Frostbite, injini iliyoendesha gemu kwenye PS4, haikuwa na hadithi ya Alex Hunter, yule mchezaji wa kubuni, na hukuweza hata kumwalika rafiki mcheze naye mtandaoni. FIFA 19 ikarekebisha baadhi ya hayo. Tangu FIFA 20 hadi hii FIFA 23 tumepewa toleo linaloitwa Legacy: vikosi vipya, jezi mpya, gemu ileile. Volta hatujaiona hadi FIFA 23, na ya kucheza na wenye mashine nyingine tusiyazungumze.

Hata hivyo nitasema jambo ambalo huenda litawashangaza: Legacy hainiudhi kama ya PS4 inavyomuudhi mwenye mada. Imeandikwa Legacy juu ya kasha, inauzwa kwa bei ya chini, na kabla ya FIFA 20 kutoka, kampuni ilieleza waziwazi kwamba haitakuwa na maendeleo mapya. Niliponunua nilijua ninachonunua, na ninaichezea kwenye treni kama nilivyokusudia. Wenye PS3 nao walitendewa hivyo hadi FIFA 19, ambayo ndiyo ya mwisho kwao. PS4 yenyewe imebeba jina kamili bila alama yoyote usoni, ilhali matangazo yote yanaonyesha ya PS5, huku onyo likiwa kwenye maandishi madogo chini ya kioo ambayo hayasomeki bila miwani. Ingekuwa imeandikwa FIFA 23 Legacy kwenye kasha la PS4, mada hii isingeandikwa.

Mwenye Kibanda, Mwanza

Naomba niseme kama mtu ninayeishi kwa biashara hii. Kwenye kibanda changu nina PS4 kadhaa na PS5 moja, na wateja hulipa kwa mechi. Wakishika pedi, wengi hawaulizi habari za HyperMotion. Wanauliza kama Haaland yuko City. Wanaoijua tofauti ni wale wanaocheza kila siku, na hao ndio wanaopanga foleni kwenye PS5 hata PS4 zikiwa wazi. Kwa hiyo tofauti ipo, wala si ya kufikirika, ila humdhihirikia mtu kwa kadiri anavyocheza.

Ushauri wangu mkubwa ni kuhusu Series S, kwa sababu naona vijana wengi wanaikimbilia. Ni kweli ilizinduliwa kwa dola 299 wakati PS5 yenye tundu la diski ilikuwa dola 499, na ni kweli FIFA yake ni ya kizazi kipya kikamilifu: HyperMotion2 ipo, klabu za wanawake zipo. Lakini haina tundu la diski. Hapa kwetu gemu inaishi kwa kuzunguka: unanunua diski iliyotumika, unaimaliza, unaibadilisha na mwenzako kwa kuongeza kidogo, au unaiuza ligi mpya inapoanza. Mwenye Series S yuko nje ya soko hilo. Kila gemu atainunua dukani mtandaoni kwa bei kamili au asubiri punguzo. Ukijumlisha misimu mitatu ya FIFA, ule unafuu wa mwanzo umekwisha. PS5 Digital Edition ina tatizo hilohilo, na upande wa PlayStation kuna usumbufu mwingine: duka lake halijafunguliwa rasmi Tanzania wala Kenya, hivyo watu hutumia akaunti za nchi nyingine na kadi za kununulia za nchi hizo.

Na jambo dogo linalosahauliwa: pedi za PS4 huunganishwa na PS5, lakini hufanya kazi kwenye gemu za PS4 tu. Ukinunua PS5 ukitaka wawili wacheze FIFA ya PS5, weka bajeti ya pedi ya pili, na si rahisi.

Kiungo Mkabaji

Hakuna aliyeitaja eFootball, gemu ya soka ya Konami. Ni ya bure, ipo kwenye PS4, PS5, Xbox, kompyuta na simu, na kwa kuwa ni ya bure haidai ulipie PS Plus, usajili wa PlayStation, ili ucheze mtandaoni. Ilipozinduliwa Septemba 2021 ilikuwa aibu tupu, na Konami wenyewe waliomba radhi, lakini baada ya toleo la 1.0 la Aprili 2022 inachezeka. Siisemi kuwa bora kuliko FIFA. Klabu ni chache na hakuna kitu cha kufanana na Career Mode. Nasema tu kwamba ni njia isiyo na gharama wakati unajikusanya.

Mtoto wa Ngamiani

Nawashukuru wote. Dada wa Likoni amenipangia vizuri mambo mawili niliyokuwa nayachanganya, na Mpemba ameitaja kasoro yenyewe. Kompyuta nimeiondoa kwenye hesabu kwa sababu ya bando, na Series S kwa sababu ya diski, maana nusu ya gemu zangu nimezipata kwa kubadilishana. Limebaki suala la kaka. Je, hakuna njia yoyote ya kucheza naye kabla sijaipata PS5 yenye tundu la diski?

Kipa wa Zamu

Ipo, ila kaka yako ndiye atakayeshuka. PS5 inacheza diski za PS4, na diski ya FIFA 23 ya PS4 ikiwekwa kwenye PS5 hubaki kuwa ya PS4, pamoja na mtandao wake. Kama alinunua Ultimate Edition, toleo la PS4 tayari ni lake, alipakue tu. Kama alinunua ya kawaida na mashine yake ina tundu, atafute diski ya PS4 iliyotumika. Career Mode yake haitahamia huko, lakini kikosi chake cha Ultimate Team atakikuta. Nyote wawili muwe na PS Plus. Ile pedi ya zamani ya PS4 asiitupe, kwani kwenye toleo hilo itafanya kazi.

Mtoto wa Ngamiani

Nimempigia simu sasa hivi. Yake ni ya kawaida na tundu la diski analo, ila anauliza ni kwa nini yeye aliyenunua mpya ndiye arudi kwenye ya zamani. Nimemtumia kiungo cha mada hii ajisomee.