Nimepoteza kadi au nimepotelewa na kadi?

kalamu_nyekundu
Wadau, naomba ufafanuzi. Kwenye barua ya kuomba kadi mpya ya benki, mtu aandike "nimepoteza kadi" au "nimepotelewa na kadi"? Na "nimepotewa" nayo imo?

BintiPwani
Zote zimo, tofauti iko kwenye lawama. Ukisema "kadi imepotea" hujamtaja mtu. Ukiingiza z, ikawa "nimepoteza", umejitaja mwenyewe kuwa ndiye uliyezembea. "Nimepotelewa" inakuweka upande wa aliyepatwa: potea, potelea, potelewa, sawasawa na fa, fia, fiwa. Ndiyo maana haitembei bila "na". Husemi "amefiwa baba yake", basi usiseme "nimepotelewa kadi". "Potewa na" maana yake ni ileile.

mzee_wa_viambishi
Nyongeza kwa mwandika barua: "Nimepotelewa na kadi yenye namba inayoishia na…, siku ya…, eneo la…" Inatosha. Kama kadi imechomolewa mfukoni, potelewa haifai kabisa. Andika "nimeibiwa", maana wizi ni kosa la jinai na polisi hawauchanganyi na upotevu. Na ni *upotevu*, jamani, si *upotovu*. Upotovu ni wa maadili, unatokana na potoka. "Taarifa ya upotovu wa kadi" maana yake kadi imeharibika tabia.

Halafu kuna "nimepotea kadi". Hapo uliyepotea ni wewe. "Nimepotezwa" ndiyo mbaya zaidi: mtu akipotezwa, ndugu huanza kuzunguka vituo vya polisi na mochwari.

kalamu_nyekundu
Asanteni. Na mpira? Magazeti yanaandika "imepoteza mchezo".

BintiPwani
Inaeleweka, lakini kwangu mimi imepooza. Novemba 2023 Simba haikupoteza mbele ya Yanga, ilifungwa 5–1. Poteza iachiwe pointi: timu ikitoka sare imepoteza pointi mbili, na haijafungwa na mtu.

mzee_wa_viambishi
Kwenye msiba pia. "Tumempoteza mzee wetu" inapita kwenye hotuba, ila tangazo likisema "familia imeondokewa na baba yao mpendwa" au "wamefiwa na", linakaa vizuri zaidi. Poteza bila kutaja kifo inaweza kumfanya msikilizaji aulize, "Mara ya mwisho alionekana wapi?"