Kaka alianguka alipokata gongo ghafla akiwa kambini, tumsaidieje?

Binti wa Igombe:
Wakuu habari za jioni. Kaka yangu ana miaka 38, anavua dagaa, kambi yake iko kisiwani upande wa Ukerewe. Gongo anaanza nayo asubuhi, nusu lita au zaidi kwa siku. Akikosa, mikono inatetemeka hata kikombe hashiki. Mwezi uliopita aliamua mwenyewe kuacha. Siku ya pili akaanguka, akakakamaa, povu likamtoka. Wenzake wanasema ni majini ya ziwani. Tumbo nalo limeanza kujaa. Kuna mtu anatuuzia unga wa kumtilia kwenye uji bila yeye kujua, eti ataichukia pombe. Tununue? Au tumfungie ndani wiki mbili?

Nesi wa Nyamagana:
Pole sana dada. Msinunue, na kumfungia ndani msithubutu.

Hayo si majini, ni arosto ya pombe, yaani mwili kuumwa ukikosa kilevi uliochokizoea. Pombe hupoza ubongo. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, ubongo nao hujichochea zaidi ili uweze kufanya kazi. Pombe ikikatwa ghafla, ule uchochezi unabaki bila kizuizi. Saa 6 hadi 12 tangu anywe mara ya mwisho zinaanza jasho, kutetemeka, kichefuchefu na moyo kwenda mbio. Degedege huja kati ya saa 6 na 48. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne anaweza kuweweseka: anaona wadudu ukutani, anaongea na watu wasiokuwepo, mwili unachemka, hajui yuko wapi. Hapo mtu anaweza kufa asipotibiwa. Na aliyeanguka mara moja ana uwezekano mkubwa wa kuanguka tena kila akikata. Sasa fikiria hilo limkute usiku kwenye mtumbwi.

Kwa hiyo asikate akiwa kambini. Mpaka afike hospitali, anywe kile kiasi kidogo tu kinachozuia kutetemeka. Lakini akianguka au akianza kuweweseka, msisubiri siku ya safari: Nansio kuna hospitali, apelekwe hapo hapo. Akiwa kwenye degedege mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu yake, msimtie kijiko mdomoni wala msimbane mikono.

Mdau wa Kirumba:
Si wampeleke tu kwenye kliniki ya methadoni?

Nesi wa Nyamagana:
Hapana mkuu, methadoni ni ya watumiaji wa heroini. Kwa pombe, wodini hutumika diazepamu au dawa za kundi lake, dozi ikishushwa hatua kwa hatua kwa siku 5 hadi 7 huku presha na mapigo ya moyo yakipimwa. Pamoja nayo anapewa vitamini B1, yaani thiamini. Wanywaji wengi hawali, B1 inaisha mwilini, na akitundikiwa dripu ya glukosi bila thiamini ubongo unaweza kuumia: macho yanacheza, anayumba, kisha kumbukumbu inapotea moja kwa moja. Kumbusheni hilo bila kuona aibu. Hapa Mwanza, hospitali ya Bugando wana idara ya magonjwa ya akili, na hospitali ya Sekou Toure pia mnaweza kuanzia.

Mfamasia Pasiansi:
Kuhusu ule unga. Dawa ya kumfanya mtu aumwe akinywa ipo, inaitwa disalfiramu. Lakini hutolewa kwa mtu aliyekubali, aliyekaa walau saa 24 bila pombe, na aliyepimwa moyo na ini. Ukimtilia kwa siri kisha akanywa gongo, uso unawaka, anatapika, presha inaporomoka, na moyo unaweza kusimama. Athari yake hukaa mwilini hata wiki 2 baada ya kidonge cha mwisho. Na huo unga wenu haujulikani hata ni nini.

Baada ya arosto kuisha, zipo dawa za kupunguza hamu ya pombe. Naltreksoni ni miligramu 50 kwa siku, ila asiwe anatumia dawa za maumivu kama tramadoli au kodeini, maana itamtupa kwenye arosto nyingine ya ghafla. Akamprosati humezwa mara 3 kwa siku, nayo inahitaji figo nzima. Ulizeni upatikanaji mapema.

Na wakati huu wa kusubiri, heri bia kuliko gongo. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi, unaweza kuhesabu. Gongo haina kipimo, na ikiwa na methanoli inapofusha. Akisema anaona ukungu, hospitali siku hiyo hiyo.

Tabibu wa Sengerema:
Hilo tumbo msilisahau. Kwa mvuvi wa ziwa letu si pombe peke yake. Kichocho cha tumbo nacho huliharibu ini, na mishipa ya koo la chakula inavimba hadi kupasuka. Ombeni kipimo cha choo na altrasaundi. Akitapika damu au akitoa choo cheusi kama lami, ni dharura. Kama anameza ARV asiziache kwa sababu alikunywa. Kama yuko kwenye dawa za TB, daktari aambiwe, zinagusa ini.

Mshauri Nasaha:
Kutoa pombe mwilini ni wiki moja, kazi kubwa ni miezi inayofuata. Kwa mvuvi wa dagaa hatari ina kalenda yake: mbalamwezi ikiingia, mitumbwi inapumzika, mgawo unatolewa, na vilabu vya pombe viko hapo hapo mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa. Kliniki iwekeni wiki hiyo hiyo. Vidonge 30 vya naltreksoni vinatosha kutoka mbalamwezi moja hadi nyingine. Mgawo wake, kwa ridhaa yake, utumwe kwenye simu ya mke au mama. Akiteleza siku moja msimtukane, arudi kliniki, dawa ipangwe upya.

Binti wa Igombe:
Asanteni sana. Mbalamwezi inaanza wiki ijayo, ametukubalia kuja. Tubebe nini?

Nesi wa Nyamagana:
Kadi ya bima kama anayo, dawa zote anazotumia, na mwenzake mmoja aliyemwona akianguka. Njooni asubuhi. Andikeni kwenye karatasi saa aliyokunywa mara ya mwisho na kiasi gani, ndilo swali la kwanza atakaloulizwa.