Salmoni au samoni? Herufi bubu za menyu zimetugawa jikoni

Weita_Mkuu (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Nasimamia wahudumu wa mkahawa wa hoteli moja huku kaskazini ya Unguja. Nina ugomvi jikoni, naomba mnisaidie kuamua.

Ulianza kwa samaki. Shefu mpya kaleta salmon wa barafu kutoka ng'ambo. Juzi kijana wangu kasimama mezani kamtaja huyo samaki, l ikasikika mpaka ufukweni: "sal-mon". Mwenzake aliyekuwa anapita na sinia akamsahihisha hapo hapo mbele ya wageni: "Ni sa-mon, l haitamkwi." Kijana akanywea. Usiku tulipofunga wakashikana maneno, na kila mtu akaingia na neno lake. Lamb ina b au haina? Almond je? Yolk? Receipt? Herb wengine wanaisema kwa h, wengine bila. Fillet t yake iko wapi? Hata dada anayeuza safari za Kisiwa cha Changuu akaburutwa humo, maana yeye husema "aisland", na anauza kuliko wote.

Sasa tumegawana. Wapo wanaotaka tufuate Waingereza, kwa kuwa ndio vitabu vya shule. Wapo wanaomtaka Mmarekani, kwa sababu ndiye tunayemsikia kwenye filamu na bakshishi yake ni nono. Shefu ana kambi ya peke yake: kilichoandikwa kisomwe, mbona Kiswahili tunasoma kila herufi na hatujafa? Nataka karatasi moja tu ya kubandika mlangoni mwa jiko. Nifuate kambi ipi?

Mzee_wa_Likoni

Nyinyi Waunguja mna makubwa. Mwaka 1928 watu walikaa kikao hapa hapa Mombasa, wakaamua Kiswahili sanifu kiwe cha kwenu, sisi tukaachwa na Kimvita chetu. Leo mnataka kusanifu na Kiingereza?

Mimi niko na shefu. Nimebeba sahani hoteli za pwani ya kusini miaka mingi, na wageni wengi walikuwa Wajerumani. Mjerumani goti lake huliita Knie, na hiyo k huigonga kama anabisha hodi. Sikuona hata mmoja aliyerudisha sahani kwa ajili ya l. Sema salmon na l yake, mradi samaki afike mezani angali moto.

Chaki_na_Ubao

Mzee shikamoo. Nakupinga nusu, kwa heshima.

Nafundisha Kiingereza sekondari, Nakuru. Kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari huku Kenya, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina sehemu ya stadi za kuzungumza, na swali la kutaja herufi bubu hutokea humo. Ajabu yake ni kwamba mtihani wenyewe ni wa kuandika. Kwa hiyo nina wanafunzi wanaopigia mstari l ya salmon, wanapata alama yao, kisha wanatoka nje kwenda kuitamka.

Lakini shefu ajue herufi hizi si za namna moja. Kuna marehemu na kuna waalikwa. Marehemu waliwahi kutamkwa. K ya knife na ya knee ilisikika zamani kama hiyo ya Mjerumani wako, Mzee. B ya lamb pia, na l ya yolk. Sauti zikafa taratibu, ila William Caxton alikuwa ameshaleta mashine ya kuchapa Uingereza mwaka 1476, na tahajia ikaanza kugandia vitabuni wakati midomo bado inatembea.

Waalikwa ndio wenye vituko. Debt, doubt na receipt zilitoka Kifaransa bila hiyo b wala p. Watu waliandika dette na doute, wakasema hivyo hivyo, wakadaiana vizuri tu. Wakaja wasomi wakakumbuka kwamba Kilatini kina debitum na dubitare, wakachomeka b ili neno lionekane limetoka ukoo mkubwa. L ya salmon nayo ilirudishwa kwenye maandishi kwa heshima ya Kilatini, wakati mdomoni ilikuwa samon tangu kwa Wafaransa. Island ndiyo funga kazi. Ni neno lao la asili, halina undugu na isle ya Kifaransa, wakalibandika s wakidhani ni mtu na binamuye. Dada yetu wa Changuu anatamka kosa la mtu mwingine, basi asilaumiwe sana.

Tena ugomvi wenu ni mkongwe. Shakespeare ana tamthilia iliyochapwa mwaka 1598 yenye mwalimu mmoja, Holofernes, anayewaka kwa hasira kwa sababu watu wanasema "dout" na "det" bila b. Yaani ni shefu wako kabisa. Aliwekwa jukwaani ili achekwe.

Nesi_Ughaibuni

Hodi jamani. Niko Marekani mwaka wa 11 sasa, wodini. Hao wanaotaka "kambi ya Marekani" niwaambie mapema: hapa hakuna kambi moja.

Herb ndiyo iliyonitoa jasho. Nilisoma Moshi, nikafundishwa h. Wiki ya kwanza nikamuuliza mgonjwa kama anatumia dawa zozote za "herb", na h yangu safi. Akanijibu hamjui huyo. Kumbe Herb ni kifupi cha jina Herbert, na huyo h yake inatamkwa! Majani ya dawa na ya jikoni huku ni "erb". Na msidhani wameharibu wao. Waingereza wenyewe zamani walisema bila h, kama Wafaransa waliowapa hilo neno. Wakaja kuirudisha h karne ya 19. Mmarekani alikuwa ameshaondoka na ya zamani.

Fillet hapa ni "filei", t imemezwa Kifaransa. Uingereza t inasikika, "filit". Kwa hiyo kijana wako akisema "filei" kwa Mwingereza ataonekana anajitia, na akisema "filit" kwa Mmarekani ataeleweka lakini ataangaliwa mara mbili.

Almond wanagombana wao kwa wao. California, kunakolimwa lozi nyingi kuliko kwingine kote duniani, wakulima wengi wanaitamka bila l.

Often ndiyo mbaya zaidi, maana kazini kwangu nauliza kila siku mtu anaumwa mara ngapi. Meza ya manesi tuko sita, watatu t wanaitamka na watatu hawaitamki, wote wazaliwa wa hapa isipokuwa mimi. Ukimuuliza anayeitamka kwa nini hasemi t kwenye soften, hana jibu.

Halafu kuna majimbo. Illinois s yake haisikiki. Kansas inasikika, lakini Arkansas haisikiki, mpaka baraza la kutunga sheria la Arkansas likapitisha azimio mwaka 1881 kwamba jimbo lao liitwe "Arkansoo". Watu wazima wakakaa kikao kwa ajili ya s. Kwa hiyo Weita_Mkuu usione aibu, kikao chako cha jikoni kina wenzake.

Fundi_Bomba_Temeke

Nimesoma yote haya nikiwa chini ya sinki la mtu. Naomba nichangie japo elimu yangu ni ya darasa la saba.

Sisi tulishaamua zamani. Dukani ukinunua koki unaomba risiti. Umesikia p? Unatia saini. Umesikia g, ile ya sign? Mtoto akibanwa na kifua tunasema ana nimonia, p ya mbele iko wapi? Bomu, b ya mwisho hakuna. Kabati limetoka kwenye cupboard, p imebaki kwao. Watu walioleta maneno haya hawakuyasoma popote. Waliyasikia kwa makarani, kwa askari na kwa madaktari, wakayachukua kama yalivyolia masikioni. Anayekosea ni yule aliyeliona neno kitabuni kabla hajalisikia.

Na kazi yangu mimi kwa Kiingereza ni plumber, wanasema "plama". B wameniibia. Ndiyo maana napenda kuitwa fundi bomba. Kwa Kiswahili b zangu ziko zote mbili.

Chaki_na_Ubao

Fundi, umenifurahisha mpaka nimeiandika ubaoni. B yako ilitoka kwa plumbum, yaani madini ya risasi kwa Kilatini, kwa sababu mabomba ya zamani yalikuwa ya risasi. Hiyo bomba yako yenye b mbili ni ya Wareno.

Ila nadharia yako ina tundu. Saikolojia nayo p ya psychology haina, na hilo neno halikuletwa na askari wala karani. Limeletwa na wasomi.

Fundi_Bomba_Temeke

Basi msomi huyo alikuwa na masikio.

Mkalimani_Arusha

Wakuu, mmejibu swali la nani ana haki, mwenye mada kauliza abandike nini. Mimi natafsiria watalii na mikutano, na nina kipimo kimoja. Naangalia kama wenye lugha wenyewe wanagombana juu ya neno hilo.

Salmon, lamb, yolk, receipt, island: Mwingereza, Mmarekani na Mwaustralia wote wanaacha hiyo herufi. Hapo hakuna kambi za kuchagua. Ukiitamka hakuna atakayekufa, Mzee amesema kweli, lakini mgeni anasita sekunde moja kukokotoa, na kwenye meza ya watu wanane hizo sekunde zinajaa.

Herb, fillet, almond, often: wenyewe hawajaelewana. Hapo kumsahihisha mwenzako mbele ya mgeni ni ujinga mtupu, kwa sababu unayemsahihisha anaweza kuwa sahihi kuliko wewe kwa huyo mgeni aliyeketi. Achia kila mtu na yake.

Na kambi ya shefu isidharauliwe moja kwa moja, kwa sababu mara nyingine kitabu hushinda. Fault iliingia bila l, kama debt ilivyoingia bila b. Wakaichomeka l, na baada ya muda watu wakaanza kuitamka. Leo ukisema "foti" unaonekana wewe ndiye hujasoma. Often inaelekea huko huko, t iliyokwisha kufa inafufuliwa na watu wanaosoma. Huenda wajukuu wetu wakasema sal-mon wote na shefu akajengewa sanamu. Kwa sasa bado.

Mzee_wa_Likoni

Mkalimani umenena. Mimi umri umekwenda, nitabaki na l yangu. Lakini niulize moja. Ile chupa ya sosi nyeusi inayowekwa mezani, yenye jina refu kama la treni, Worcestershire. Hiyo nayo ni bubu?

Nesi_Ughaibuni

Wustasha, Mzee. Na mji wenyewe, Worcester, ni "Wusta".

Mzee_wa_Likoni

Herufi zote hizo! Huo si ububu, hayo ni mauaji. Sisi tuliiita sosi nyeusi na kila meza ilielewa.

Weita_Mkuu

Wakuu nimerudi kutoa taarifa. Nimefuata kipimo cha Mkalimani, na dawa nimechukua kwa Fundi. Karatasi nimeiandika kwa Kiswahili, kama neno linavyosikika: samon, lam, yok, risiit, ailand. Chini nimeandika herb, fillet, almond kisha maneno haya: "Kila mtu na yake, atakayemsahihisha mwenzake mezani anaosha masufuria." Tumekaa siku nne bila kelele. Dada wa Changuu amejaribu "ailand" asubuhi mbili, kasema mdomo unateleza, karudi kwenye "aisland". Bado anaongoza kwa mauzo, nimemwacha.

Tatizo limezuka kwingine. Shefu alinuna siku mbili, ya tatu akasema amekubali yaishe, na kwamba kama neno limebadilika basi libadilike kote. Jana jioni nakuta ubao wa chakula cha siku pale mlangoni kaandika kwa chaki, herufi kubwa: GRILLED SAMON. Sikuwahi kufuta. Meza ya kwanza wakauliza ni samaki gani huyo. Kijana wangu, yule wa mwanzo, akajibu kwa ujasiri, bila l, kwamba ni samon. Wakatazamana, wakaagiza sahani nne. Baadaye nikasikia wakielezana kwamba safari nzima hawajawahi kula samaki wa Zanzibar mtamu namna ile.

Mzee_wa_Likoni

Na bei mlipandisha?